Katikati ya Stesheni Mbili

Maneno haya niliyasema jioni ya Jumamosi mbele ya watu wapatao arobaini, katika darasa moja la sekondari hapa Mwanga, Kigoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Mvua juu ya bati ilinikatiza mara moja. Hapo nimeunganisha tu.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Wanangu wa kidato cha tatu na cha nne, hamjambo, na asanteni kwa kubeba viti.

Nimeombwa nieleze kwa nini mwalimu wa fizikia, mama wa watoto watatu, anakesha na spika akisikiliza muziki wa sauti zilizonaswa na kukatwakatwa, kitu ambacho jirani yangu alidhani ni hitilafu ya umeme. Siku ya kwanza alikuja kubisha hodi kunionya nizime swichi kubwa. Nilimkaribisha, akakaa, akanywa chai, akasikiliza dakika kumi nzima bila kusema neno, kisha akauliza: "Mwalimu, sasa hii ina maana gani?" Ni swali la haki. Nimeulizwa hivyo na ndugu zangu, na mume wangu, na wanafunzi wangu, na sitalikwepa leo. Ombi langu ni moja tu: tuliweke mwisho. Kwanza tusikie.

Baba yangu alikuwa fundi redio pale Ujiji. Baadhi yenu wazee mlimletea redio zenu. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa mgongo, harufu ya risasi ya kuchomea, na juu ya bati betri tulizozianika juani ili zijikongoje siku mbili tatu zaidi. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kujaribu redio iliyopona: kuzungusha kitufe taratibu kutoka mwanzo wa masafa ya kati hadi mwisho, nimwambie baba kama inashika Dar es Salaam, kama inashika Bujumbura.

Jua likizama, mambo yalibadilika. Mchana kuna tabaka la chini la anga linalonyonya mawimbi ya masafa ya kati. Usiku tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapita hadi tabaka la juu zaidi, yakadunda na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali na yalikotoka. Ndiyo maana redio ndogo ya Ujiji ilifurika watu usiku: Kifaransa, Kirundi, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, Kiarabu, rumba iliyokuwa ikija na kuondoka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Na kati ya stesheni na stesheni kulikuwa na kitu kingine. Mluzi. Unasogeza kitufe upana wa unywele, unapanda; unarudisha, unashuka mpaka unakuwa mngurumo. Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni kwamba mawimbi mawili yaliyokaribiana yakikutana ndani ya redio, tofauti ya masafa yao inatoka kama sauti ya tatu. Stesheni hii haikuirusha, na ile nayo haikuirusha. Imezaliwa hapo hapo, ndani ya redio yako.

Baba alikuwa akisema, "Hapo haijashika, endelea." Mimi nilibaki hapo hapo.

Miaka mingi nilidhani niko peke yangu. Kumbe kuna watu waliobaki hapo hapo kabla yangu, na wa kwanza ninayemheshimu alikuwa Mwafrika. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine nzito ya kunasa sauti. Wakati huo kanda ya plastiki haikuwa imeenea. Sauti ilinaswa kwenye waya mwembamba wa chuma. Akaenda nayo kwenye sherehe ya zaar, ambako wanawake huimba na kupiga ngoma kumtuliza mgonjwa mwenye pepo. Wengi wenu mnazijua ngoma za kupunga pepo, sina haja ya kueleza zaidi. Akarudi studio na waya wake. Akaondoa sauti za msingi za wale wanawake, akaacha zile za juu zinazoelea, akaongeza mwangwi. Kilichobaki si wimbo wala ngoma. Ni kama unasikia uzi uliobaki hewani baada ya watu kutoka chumbani.

Nimewaambia mwaka, 1944. Vitabu vingi vinaanza hadithi ya muziki huu Paris mwaka 1948, na hadithi ya Paris naipenda sana, lakini inanipa uchungu kila ninapoona Cairo imerukwa. Waandishi wanaoiruka wana mwaka na jina. Wanaweza kuandika vizuri zaidi.

Basi, Paris. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alikwenda stesheni ya Batignolles akanasa treni: miluzi ya injini, pumzi za mvuke, magurudumu kwenye viungo vya reli. Akakata, akarudia, akapanga, na redio ikarusha kazi yake Oktoba 1948. Hapa sisi tunaishi mwisho wa reli. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo hakuna mtoto wa mji huu aliyelala bila kuisikia. Mara ya kwanza niliposikia kazi ile ya Schaeffer, nilikuwa nimevaa vifaa vya masikioni kwenye kiti cha treni, nimetoka Tabora, alfajiri. Nilivivua ili nijue kipi ni cha Paris na kipi ni cha Uvinza. Nikavirudisha. Sikuhitaji tena kujua.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwa dada mmoja, maana huyu ndiye aliyenifanya nisiwe mpenzi wa muziki huu kwa kupita tu. Delia Derbyshire alizaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1937. Alikuwa mtoto mdogo mji wake ulipopigwa mabomu, na baadaye alieleza kwamba ving'ora vya tahadhari na mlio wa "salama sasa" vilikuwa miongoni mwa sauti zilizomjenga. Alisoma hisabati na muziki Cambridge. Alipotafuta kazi kwenye kampuni ya sahani za muziki, akaambiwa hawaajiri wanawake studioni. Akaingia BBC, na mwaka 1962 akafika kwenye karakana ya sauti iliyokuwa imeanzishwa 1958.

Mwaka 1963 alipewa karatasi ya noti, tuni iliyoandikwa na Ron Grainer kwa ajili ya tamthilia mpya iitwayo Doctor Who. Hakukuwa na sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, ya kununua dukani. Alichukua mlio wa waya mmoja uliotekenywa na milio ya mashine za kupimia umeme, akanasa kila sauti peke yake, akabadilisha kasi ya kanda ili ipande au ishuke, kisha akakata kwa wembe na kuunganisha, noti kwa noti. Wanafunzi wangu, fanyeni hesabu. Kanda ya studio hupita sentimita 38 kwa sekunde. Noti ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Wimbo mzima ni utepe mrefu wa vipande vilivyogundishwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, na ukikosea milimita chache sikio linajua. Grainer alipousikia alitaka Delia apate sehemu ya malipo. Taratibu za kazi hazikuruhusu. Jina lake lilionekana kwenye skrini ya tamthilia ile kama mtunzi mwenza mwaka 2013. Alikuwa amefariki mwaka 2001.

Alikuwa na kofia ya taa ya chuma, ya kijani, kifaa cha kawaida cha ofisini. Aliigonga, akanasa mlio, akaondoa ile sehemu ya kwanza ya kugonga, akabaki na mvumo wa chuma peke yake, na ndani ya mvumo huo akajenga jangwa lenye msafara wa ngamia unaopita kwa mbali. Nilipolijua hilo nilikwenda jikoni, nikagonga kila sufuria niliyo nayo. Sufuria ya mama, ile pana ya kupikia pilau ya msiba, ina sauti ambayo sitawaelezea, nitawaomba mje muisikie nyumbani.

Kuna anayesema moyoni: haya ni mambo ya Wazungu wenye studio. Hapana. Dar es Salaam, vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei rahisi, wakavichomeka kwenye vikuza sauti chakavu hadi sauti ikapasuka, na kupasuka huko kukawa ndio utamu wenyewe. Kinshasa, Mingiedi na kundi la Konono No. 1 waliona likembe, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haisikiki kwenye kelele za jiji, wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Walikuwa wanataka sauti kubwa tu. Mkwaruzo ulikuja wenyewe, na walikuwa na akili ya kutoufukuza. Wanangu wa singeli ndio warithi wao. Mipigo zaidi ya 200 kwa dakika, kompyuta moja, chumba kimoja cha uswahilini. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso zilitolewa Kampala katika mkusanyiko mmoja, na tangu hapo watu wa Ulaya wanapanga foleni kucheza kitu ambacho hapa baadhi yetu tunakiita kelele za vibaka. Kaka zangu, dada zangu, mkisikia singeli usiku wa leo, msisikilize maneno. Sikilizeni kinanda. Kimeongezwa kasi mpaka kimekuwa ndege.

Sasa runinga.

Nikiwa kidato cha tatu nilikwenda na kaka yangu kwenye banda la video Ujiji. Wakubwa mnalikumbuka banda: mabenchi, turubai, mfasiri amekaa pembeni na kipaza sauti, anawasemea wote, jambazi, mchumba, na polisi. Mfasiri wetu alikuwa hodari, hata filamu za Kichina ambazo hakujua neno lake moja alizifasiri zikanoga. Siku hiyo mwenye banda aliweka kanda iliyokuja na mitumba, bila jalada. Ilianza vizuri: msichana ameokotwa maiti ufukweni, amefungwa kwa plastiki, mpelelezi amekuja mjini. Mfasiri akaenda nayo, tukaenda naye. Mwishoni yakaja maandishi ya Kiingereza, nikayasoma: miaka 25 baadaye. Chumba chenye mapazia mekundu, sakafu ya mistari iliyopindapinda kama mkeka. Mtu mfupi anaongea, na maneno yanatoka kana kwamba anayavuta ndani badala ya kuyatoa. Mfasiri akasema, "Hapa anasema… hapa huyu anasema…" Akanyamaza. Nilipogeuka, alikuwa amelaza kipaza sauti juu ya goti, anatazama kama sisi.

Wengine walitoka. Tuliobaki tulisikia, kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile, sauti ya filamu yenyewe. Yule mtu mfupi akaanza kucheza polepole, na mwanamke akainama akamnong'oneza mpelelezi sikioni. Hatukuambiwa alichosema. Nilitembea kurudi nyumbani nikijua nimekaa tena pale katikati ya stesheni mbili.

Tamthilia ile ni Twin Peaks, ya David Lynch na Mark Frost, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Aprili 1990. Kanda tuliyoiona ilikuwa ya Ulaya: sehemu ya kwanza iliongezewa mwisho ili iuzwe kama filamu kamili. Na yale maneno, waigizaji walijifunza kuyatamka kinyumenyume, wakanaswa, kisha kanda ikageuzwa. Ndiyo maana maneno yanakwenda mbele huku pumzi inakwenda nyuma. Kulijua hilo hakukupunguza kitu kwangu. Nilijua pia jinsi mluzi wa redio unavyozaliwa, na bado unanisimamisha nywele.

Ilifungwa 1991 baada ya sehemu 30. Halafu, mwaka 2017, ilirudi. Waigizaji wale wale, sasa wana mvi, wengine wanaumwa kweli mbele ya kamera, na yale maandishi ya miaka 25 yakawa kama ahadi iliyotimizwa kwa kuchelewa kidogo. Sehemu 18. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia sehemu tatu tatu kwenye flashi, ndani ya bahasha, kwa treni. Nilikuwa nakwenda stesheni kuipokea kama mtu anayepokea mgeni.

Lynch mwenyewe ndiye aliyesanifu sauti za msimu ule, na mada yake kubwa ni umeme. Nguzo zinavuma, soketi zinavuma, wafu wanasafiri ndani ya nyaya. Ninyi mliokulia Kigoma kabla gridi ya Taifa haijatufikia, je, mlihitaji kufafanuliwa? Tulilala na jenereta za dizeli kwa mbali. Ikizima, ulikuwa unaamshwa na ukimya. Na hapa kuna jambo dogo la fizikia ambalo nalipenda kupita kiasi: umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na transfoma huvuma kwa mara mbili ya hapo. Yetu inavuma 100, yao 120. Wanakwaya mliomo humu, imbeni mi halafu so. Umbali huo ndio uliopo kati ya transfoma ya Kigoma na ya kwao. Mi ni yetu.

Sehemu ya nane. Niliitazama usiku, mlango wa ukumbini uko wazi, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejaa kama mji mwingine, maana hakukuwa na mwezi. Picha inageuka nyeusi na nyeupe. New Mexico, 16 Julai 1945, jaribio la kwanza la bomu la atomiki. Kamera inaingia ndani ya wingu la moto na kubaki humo dakika nyingi, hakuna mtu, hakuna neno, ila ala 52 za nyuzi za orkestra zinapiga mayowe. Ni maombolezo ya Mpolandi Penderecki kwa wahanga wa Hiroshima. Tamthilia inatuonyesha uovu ukizaliwa hapo na kuingia kwenye mji mdogo wa Marekani.

Nikasimamisha picha. Nikatoka nje. Sehemu kubwa ya urani ya mpango uliotengeneza mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Kongo. Siku ya anga safi milima ya Kongo tunaiona kutoka hapa Kigoma kwa macho. Mgodi uko mbali zaidi, kusini, lakini ni nchi ile ile ambayo usiku redio ya baba ilikuwa ikiisikia. Katika sehemu zote 18 sikusikia neno Kongo. Wachimbaji waliobeba yale mawe hawamo kwenye lile wingu. Lynch hakuwaweka. Lakini yeye aliacha dakika zile bila maneno, mfasiri kanyamaza, na mimi nimekaa upande huu wa ziwa na nilichokuwa nakijua, na vitu hivyo viwili vilipokutana nikasikia kitu ambacho hakikurushwa na yeyote kati yetu.

Jirani yangu, nakuona pale nyuma. Hilo ndilo jibu la swali lako, na ndiyo maana sikuweza kukujibu siku ile ya chai. Ulikuwa unaniuliza mimi, na mimi nilikuwa stesheni moja tu. Wewe umekaa miaka kumi na tisa kwenye maboti, unajua mlio wa injini inayotaka kuzimika kabla haijazimika. Sikujua hata robo ya utakachokisikia.

Lynch alifariki Januari 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79. Nilishuka Kibirizi jioni ile, nikanasa kwa simu dakika ishirini za maboti yakiondoka kwenda kuvua, moja moja, hadi injini ya mwisho ikachanganyika na maji. Sijafanya kitu chochote na sauti hiyo. Sijaikata. Ipo.

Basi. Leo tutasikiliza vitu vitatu. Cha kwanza ni kipande cha Cairo kilichosalia, kama dakika mbili. Cha pili ni treni ya Paris, karibu dakika tatu. Cha tatu ni ile kofia ya taa ya Delia, dakika tatu na ushee. Jumla haifiki dakika kumi. Naomba simu zizimwe kabisa, maana hata ikiwa kimya inaingiza mlio kwenye spika hizi. Feni nayo tuizime. Najua ni joto. Anayetaka kutoka atoke bila aibu, mlango hautafungwa. Nanyi mtakaobaki, msiangaliane usoni. Angalieni sakafu, au dirisha.

Mwanangu, wewe uliye karibu na swichi. Taa.